Kuvuja kwa maji ya rejeta

Kuvuja kwa maji ya rejeta ni hitilafu ya gari ambapo kimiminika kinachopoza injini hutoka nje ya mfumo wake kupitia ufa, tundu au kiungio kilicholegea. Kimiminika hicho huitwa pia kulanti. Hitilafu hiyo huleta hatari mbili tofauti: injini huchemsha kwa kukosa kitu cha kuipoza, na kimiminika kilichomwagika hufanya lami iteleze. Hatari ya pili hujulikana zaidi katika viwanja vya mbio za magari, lakini zote mbili hutokea pia katika barabara za kawaida, kwa mfano zile zinazopita wilaya za Handeni na Korogwe katika Mkoa wa Tanga, Tanzania.

Mfumo wa kupoza injini

Injini hugeuza sehemu tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo. Sehemu kubwa iliyobaki huwa joto, na takriban theluthi moja ya nishati yote huchukuliwa na maji ya kupoza. Pampu husukuma maji hayo kuzunguka silinda, kisha kupitia mipira hadi kwenye rejeta, ambako hupozwa na upepo wa mwendo au wa feni. Themostati huzuia maji yasifike kwenye rejeta hadi injini ipate joto la kutosha.

Mfuniko wa rejeta hufanya kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Huo hushikilia shinikizo ndani ya mfumo, kwa kawaida karibu bari 1 juu ya shinikizo la hewa. Kwa shinikizo hilo maji huchemka kwenye sentigredi 120 hivi badala ya 100. Kwa hiyo mfumo unaovuja hupoteza vitu viwili kwa pamoja: maji yenyewe na shinikizo linaloyazuia yasichemke.

Kulanti ni mchanganyiko wa maji, glikoli na dawa za kuzuia kutu. Katika nchi za baridi glikoli huzuia maji yasigande. Katika Afrika ya Mashariki faida yake kubwa ni kupandisha kiwango cha kuchemka na kulinda metali. Maji ya kisima yenye chumvi huacha magamba ndani ya rejeta na kuharakisha kutu.

Sababu za kuvuja

Sababu za kawaida ni mipira iliyozeeka, vibano vilivyolegea, mfuniko mbovu, sili ya pampu iliyochakaa, rejeta iliyotobolewa na jiwe au kuliwa na kutu, na gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Gasketi ikiungua, maji huweza kuingia ndani ya silinda au kwenye oili bila tone lolote kuonekana chini ya gari. Dalili zake ni moshi mweupe usiokwisha na oili yenye rangi ya maziwa.

Katika viwanja vya mbio

Gari la michezo likiwa kiwanjani hukaa kwenye mizunguko mikubwa ya injini kwa dakika nyingi mfululizo, jambo ambalo ni nadra barabarani. Joto, shinikizo na mtikisiko hupanda pamoja, na kiungio kilichodumu miaka mingi mjini huweza kuachia ghafla.

Muundo wa gari huongeza hatari. Katika magari mengi rejeta iko mbele, hivyo maji yakimwagika huangukia njia ya matairi ya gari lenyewe. Katika magari yenye injini katikati au nyuma, mabomba marefu hupita chini ya sakafu, na yakiachia karibu na injini hulowesha matairi ya nyuma. Dereva aliye kwenye kona hupoteza mshiko wa nyuma na gari huzunguka kabla geji ya joto haijaonyesha chochote. Mfano unaojulikana ni baadhi ya magari ya Porsche 911 ya aina za GT3 na Turbo katika mfululizo wa 996 na 997, ambayo baadhi ya viungio vya mabomba yake ya maji vilibandikwa kwa gundi. Wamiliki wengi huvichomelea au kuvifunga kwa skrubu kabla ya kupeleka gari kiwanjani.

Glikoli huifanya hali kuwa mbaya zaidi. Maji matupu hukauka juu ya lami yenye joto, lakini glikoli hubaki kama utando unaoteleza, na magari yanayofuata huukuta bila kuuona. Kwa sababu hiyo waandaaji wengi hutaka magari yatumie maji yenye dawa ya kuzuia kutu tu, bila glikoli. Kanuni za FIM kwa mbio za pikipiki kwenye lami nazo hazikubali glikoli.

Waamuzi huonyesha bendera ya njano yenye mistari myekundu kuonya kwamba njia inateleza. Bendera nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa humtaka dereva aliyetajwa arudi kwa mafundi kwa sababu gari lake lina hitilafu. Dereva anayehisi kuvuja hutakiwa kutoka kwenye mstari wa mbio na kusimama mahali salama. Akiendelea hadi kwa mafundi, humwaga maji kiwanja kizima.

Katika mbio za Afrika ya Mashariki

Mbio nyingi za magari katika kanda hii ni za reli, na hupita kwenye barabara za vumbi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa jina la East African Coronation Safari na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Huko maji yaliyomwagika hunywewa na udongo, hivyo kuteleza si tatizo kubwa. Tatizo ni rejeta yenyewe, kwani huweza kutobolewa na mawe, kuzibwa na matope au kugongwa na wanyama. Ndiyo maana magari ya Safari yalijulikana kwa ngao za chuma zilizofungwa mbele.

Katika barabara za Handeni na Korogwe

Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Arusha hupita Mkata na Segera wilayani Handeni, kisha Korogwe na Mombo. Barabara ya lami ya kilomita 65 hivi huunganisha Korogwe na mji wa Handeni. Malori na mabasi hupita humo kwa safari ndefu katika joto la tambarare.

Kutoka Mombo barabara hupanda milima ya Usambara hadi Lushoto, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha kuchemka kwa maji hushuka karibu sentigredi 1 kwa kila mita 300, hivyo katika chombo kilicho wazi maji huchemka Lushoto kwenye sentigredi 95 hivi. Joto la kawaida la injini huwa kati ya 85 na 105. Gari lenye mfuniko usioshika shinikizo huweza kwenda salama tambarare na kuchemsha mlimani, ingawa rejeta ilijazwa asubuhi.

Gari likishachemsha, hatari huhamia kwa watu. Kusimama ndani ya barabara, hasa usiku, huwaweka dereva, abiria na wasaidizi mbele ya magari yanayokuja. Usiku wa tarehe 13 Januari 2025, katika eneo la Chang'ombe, Segera, watu 11 walifariki baada ya lori kuwagonga waliokusanyika penye ajali iliyotangulia. Tukio hilo halikutokana na rejeta, lakini linaonyesha hatari ya kukusanyika penye gari lililokwama.

Hatua za kuchukua

Geji ikipanda, dereva huzima kiyoyozi, hupunguza mwendo na kutafuta mahali pa kuegesha nje kabisa ya lami. Huwasha taa za tahadhari, huweka pembetatu mbele na nyuma ya gari, na abiria husogea mbali na barabara. Geji ikishuka ghafla baada ya kupanda si dalili ya nafuu kila mara: maji yakiisha, kipimo huweza kubaki hewani na kusoma chini.

Mfuniko haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Shinikizo likitoka ghafla, maji yaliyozidi sentigredi 100 hugeuka mvuke na kurukia uso na mikono. Injini huachwa ipoe, kwa kawaida zaidi ya nusu saa, kisha mfuniko hufunguliwa kidogo kidogo kwa kitambaa kinene. Maji ya baridi yakimiminwa kwenye injini ya moto huweza kupasua silinda hedi.

Kulanti iliyomwagika husafishwa. Glikoli ya ethilini ina ladha tamu lakini ni sumu, na kiasi kidogo huweza kuua mtoto, mbwa au mbuzi. Haihifadhiwi katika chupa za maji ya kunywa. Mtu aliyeinywa hupelekwa hospitali mara moja, hata kama bado hana dalili, kwa kuwa madhara kwenye figo huchelewa kuonekana.