Picha ya nyumba ya kompyuta: kipi ni jengo, kipi ni madoido ya kamera?

Mchoraji ramani anakutumia picha kwa WhatsApp: nyumba ya vyumba vitatu, bati jekundu, jua la jioni likimetameta madirishani. Nyumba hiyo bado haijajengwa popote. Kwa anayejenga Bariadi, Maswa au Lamadi, picha kama hii inaweza kuamua fedha ziende wapi. Tueleze inavyotengenezwa.

Programu kama Blender, inayopatikana bure, hukokotoa jinsi mwanga unavyogonga ukuta, bati na sakafu. Kwa kawaida picha inayotoka huonekana wazi kila mahali, toka ua la mbele hadi kilima cha nyuma, kwa kuwa kamera yake haina lenzi ya kioo. Jicho huiona kama katuni. Ndipo mtengenezaji huongeza kasoro za kamera halisi:

• Ukungu wa nyuma: kompyuta inajua umbali wa kila nukta, hivyo hufifisha vilivyo mbali.
• Mng'ao: mwanga wa taa au dirisha humwagika nje ya kingo zake.
• Pembe zenye giza: jicho hubaki katikati ya picha.
• Chenga: picha hufanana na iliyopigwa kwa kamera.

Kutumia madoido haya si utapeli. Picha za kompyuta za Daraja la Kigongo–Busisi tuliziona kabla halijafunguliwa Juni 2025. Tatizo ni pale yanapoficha jambo. Ukungu unaweza kufunika ukuta wa jirani. Lenzi pana, ambayo huchaguliwa kabla ya ukokotoaji, hufanya sebule ya mita 3 ionekane ukumbi. Bariadi tuko karibu na Ikweta, jua la saa sita huwa karibu na utosi. Vile vivuli virefu vya kupendeza ni vya asubuhi na jioni tu. Wala picha haionyeshi udongo mweusi wa mbuga, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, ilhali ndio unaoamua msingi uweje.

Kabla ya kulipa, omba vitu vitatu: picha ileile bila madoido, nyingine ya saa sita mchana, na ramani yenye vipimo. Kisha nenda kiwanjani na tepu, pima sebule, uweke vigingi na usimame katikati yake. Hapo utajua ukubwa wake halisi.