Mpango Uko, Doh Haiko: Wakulima wa Busia Wanatuonyesha Mbona Pesa Huyeyuka

Wasee wa Eldoret, hii stori mnaijua. Mahindi yakishauzwa, Langas hadi Kapsoya kila mtu ako na chapaa, nyama choma inaliwa ni kama kesho hakuna. Ikifika Machi, wakati wa kupanda, mzazi anakupigia: "Uko na ngapi hapo ya mbolea?" Na kama hulimi, yako ni ile ya HELB. Inaingia Ijumaa, Jumatatu uko kwa strungi na mandazi.

Watu husema ni ujinga tu ama kukosa nidhamu. Lakini kuna wasomi watatu wa uchumi, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, waliingia mashinani Busia kuangalia ukweli ni gani.

Walipata nini?

Mbolea ikitumika vizuri ilikuwa inarudisha faida ya kama asilimia 36 kwa msimu mmoja. Hiyo ni doh poa. Na haikuwa lazima ununue gunia nzima, maduka yalikuwa yanapima hata kidogo. Lakini bado wengi hawakuwa wananunua.

Sasa skia hii. Wakulima waliokuwa wameonyeshwa hiyo mbolea ikifanya kazi waliulizwa kama wataitumia msimu unaofuata. Asilimia 97.7 walisema ndio. Waliofanya hivyo? Asilimia 36.8 pekee. Na mkulima akiulizwa mbona hajanunua, jibu la wengi lilikuwa moja: sina pesa.

Na hawakuwa wanadanganya. Pesa ilikuwa, lakini ilikuja wakati wa kuvuna. Kupanda kulipofika, ilikuwa imeshaenda.

Akili inafanyaje hapo

Kitu ya leo huonekana kubwa kuliko ya kesho. Kutoka kwako hadi dukani kununua mbolea ni usumbufu kidogo tu, lakini ni usumbufu wa leo. Kwa hivyo unasema utaenda wiki ijayo. Shida ni kwamba wiki ijayo ikifika, nayo inakuwa leo. Unasongeza tena, na katikati kuna harusi, kuna mgonjwa, kuna mbogi inataka sherehe.

Hao wasomi wakajaribu kitu simple inaitwa SAFI. Mara tu baada ya kuvuna, mtu anakuja hadi kwako. Unalipia mbolea bei ile ile ya kawaida, unapewa vocha, halafu mbolea inaletwa bure wakati unaihitaji. Ni hayo tu. Matokeo yake? Wanunuzi wakaongezeka karibu sawa na vile wangeongezeka kama bei ingekatwa nusu wakati wa kupanda. Offer hiyo hiyo ya kuletewa bure ikikuja msimu ukiwa umeenda, haikuwa na nguvu kama hiyo. Utafiti ulichapishwa 2011, na 2019 Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, wakabeba Nobel ya uchumi kwa kazi ya aina hii.

Na wale wa chama?

2013, Robinson na Pascaline Dupas walichapisha utafiti mwingine wa huku Western, kwa watu wa chama. Wengine walipewa sanduku ya kufuli ya kuweka pesa ya afya, na funguo wanakaa nayo wenyewe. Akiba ya afya ilipanda kwa asilimia 66. Kuwa tu na mahali pesa inakaa ilitosha kwa wengi. Lakini wale ambao "leo" huwashinda sana, sanduku peke yake haikuwasaidia. Hao walihitaji macho ya wenzao kwa chama.

Wewe ufanye nini?

Tuelewane: kuna watu hawana kitu kabisa, na hakuna mbinu inazalisha pesa kwa mfuko mtupu. Lakini kama kuna siku doh huingia, uamuzi ufanyike siku hiyo hiyo, kabla ya jioni. HELB ikiingia, lipa keja ya miezi yote unaweza. Ukiuza mahindi, nunua mbolea kabla utoke town. Na kama unajijua wewe ni mtu wa "nitaweka kesho", sanduku haitakutosha. Ingia chama yenye watu watakuuliza pesa iko wapi.