Saa za skrini zisikufanye ufute kazi ya BOINC

Kompyuta ya ofisi inayokaa bila kazi inaweza kusaidia wanasayansi kupitia BOINC, programu ya bure iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2002. Ndiyo iliyotumiwa na malariacontrol.net, mradi wa Uswisi uliokokotoa namna malaria inavyoenea.

Tatizo huanza skrini inapoonyesha saa zilizobaki zikiongezeka badala ya kupungua, au kazi moja ikisimama njiani na nyingine kuanza. Wengi hudhani programu imeharibika, wakaifuta kazi. Hapo umeme wa saa nyingi umekwenda bure, na kazi ileile hutumwa kompyuta nyingine ianze upya.

Saa hizo ni makadirio tu, kama ya dereva wa lori anayetaja saa ya kufika kabla hajaiona foleni ya mpakani. Nako kusimama ni kawaida: BOINC hupokezana kazi za miradi tofauti, kwa kawaida kila dakika 60, na inayokaribia tarehe ya mwisho hutangulizwa.

Kwanza, hakikisha saa na tarehe ya kompyuta ni sahihi; zikikosewa, ratiba huvurugika. Pili, kompyuta inayowashwa saa chache kwa siku isiwekewe akiba kubwa ya kazi, isije ikachelewa. Tatu, tazama asilimia. Ikigota kwa saa nyingi, zima programu na uiwashe tena. Kwa kawaida kazi huendelea ilipohifadhiwa mara ya mwisho. Ikigoma hata baada ya hapo, ndipo uifute.