Mafanikio ya kweli ni nini?

Wapendwa, kwetu mtu akijenga nyumba ya ghorofa au akienda Ulaya, tunasema amefanikiwa. Lakini katika Luka 12 Yesu alisimulia habari za tajiri aliyepanga kujenga ghala kubwa zaidi. Mungu alimwita mpumbavu, kwa sababu usiku uleule angekufa na kuacha vyote.

Tutazame mfano wa kwetu. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Bukavu, alisomea magonjwa ya wanawake huko Angers, Ufaransa. Angeweza kubaki huko, lakini alirudi Kivu ya Kusini kutibu akina mama, na mwaka 1999 akaanzisha Hospitali ya Panzi. Mwaka 2012 watu wenye silaha walivamia nyumba yake, mlinzi wake akauawa, naye akakimbilia ng'ambo pamoja na jamaa yake. Ndipo akina mama maskini wakauza mananasi na vitunguu ili wapate pesa za tiketi yake ya kurudi. Akarudi Januari 2013. Tuzo ya Nobel ilikuja baadaye, mwaka 2018.

Akina mama wale hawakuhesabu nyumba zake. Walijua kazi yake. Aliyefanikiwa ni yule ambaye akiondoka, jirani zake wanapungukiwa.