Kuandika Kiingereza: Tutumie Vitabu Gani, na kwa Njia Gani?

Wanakisomo wengi wa Mbagala wakishajua kusoma na kuandika Kiswahili huuliza swali moja: "Mwalimu, ninunue kitabu gani ili nijue kuandika Kiingereza?" Swali ni zuri, ila limeanzia katikati. Kabla ya kitabu, jiulize kwanza unataka kuandika nini.

Tuseme tunao watu watatu. Dada mmoja anashona nguo Rangi Tatu, anataka kuandika barua ya kuomba kazi kiwandani. Bwana mmoja wa Charambe anauza vipuri, anataka kumwandikia muuzaji wa ng'ambo. Wa tatu ni mama wa Kizuiani anayejiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ule unaofanywa na watu waliokosa sekondari ili waweze kufanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Wote wanasema wanataka Kiingereza. Kumbe huyu anataka barua, huyu maagizo mafupi, na huyu majibu ya mtihani!

Mzigo wa mama ndio mzito kuliko yote. Siku hizi mambo mengi tunayamaliza kwa Kiswahili; hata sheria ilibadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Lakini masomo mengi ya sekondari bado hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mama anajua mbu gani huleta malaria, na anajua mbu huyo huzaliana wapi. Jirani zake amewafundisha kufukia madimbwi. Swali la Baiolojia likija kwa Kiingereza, anabaki na kalamu mkononi. Alama anazikosa si kwa sababu hajui jibu. Anazikosa kwa sababu hana sentensi ya kulieleza.

Sentensi, ndugu, si maneno. Hapa ndipo wengi tunapopotea. Mtu hujaza daftari zima maneno ya Kiingereza na maana zake, lakini barua ya mistari minne haiandikiki. Matofali yamelundikwa kiwanjani, nyumba hakuna. Basi njia ipi itamjengea mtu sentensi?

Ipo njia moja ya zamani sana. Benjamin Franklin alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1706. Baba yake alikuwa akitengeneza mishumaa na sabuni, akamwachisha shule akiwa na miaka 10 tu. Kijana akawa mwanagenzi kwa kaka yake aliyekuwa mpiga chapa. Akapata kitabu chenye makala za gazeti moja la London, The Spectator, akatamani kuandika vizuri kama vile. Alifanyaje? Alisoma makala, akaandika vidokezo vifupi vya kila sentensi, akaviweka kando siku chache. Kisha akajaribu kuiandika makala upya bila kuitazama. Mwisho aliweka maandishi yake kando ya yale ya gazeti, akayaona makosa yake na kuyasahihisha. Mwalimu hakuwa naye. Kule kulinganisha ndiko kulikomfundisha.

Utasema: huyo Kiingereza kilikuwa lugha ya nyumbani kwake! Kweli. Lakini sisi tunacho kitu ambacho yeye hakuwa nacho, nacho ni Kiswahili. Kampuni ya magazeti ya serikali hutoa HabariLeo kwa Kiswahili na Daily News kwa Kiingereza. Vivyo hivyo Mwananchi na The Citizen hutoka katika nyumba moja. Mara nyingi magazeti hayo huandika tukio lile lile: mvua iliyoharibu barabara, au mechi ya Simba na Yanga. Soma habari kwanza kwa Kiswahili ili jambo lenyewe ulielewe. Kisha isome kwa Kiingereza, ukichukua kifungu kimoja tu, mistari mitano. Andika vidokezo kwa Kiswahili. Funga gazeti. Kesho yake, kwa vidokezo hivyo, kiandike kifungu kile kwa Kiingereza, halafu ulinganishe. Gazeti la wiki iliyopita linafaa vile vile, hata lile lililofungiwa vitumbua, mradi linasomeka.

Usitegemee kwamba magazeti hayo mawili yatafuatana neno kwa neno. Kinachohamishwa ni maana. Mwalimu Nyerere alipotafsiri mchezo wa Shakespeare, The Merchant of Venice, uliochapishwa kwa Kiswahili mwaka 1969, aliuita Mabepari wa Venisi. Angeweza kusema wafanyabiashara. Hakusema.

Kwa mama wa Kizuiani gazeti peke yake halitoshi. Yeye achukue vitabu vya kidato cha kwanza na cha pili vya masomo atakayofanyia mtihani, avitumie kwa njia hiyo hiyo. Asione haya kuanza na kidato cha kwanza. Huko ndiko ziliko sentensi fupi na safi. Asiyeweza kununua aende Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967.

Kamusi je? Ukiweza, uwe nazo mbili. Moja ni Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotoka mwaka 1996. Hiyo itakupa maana. Ya pili iwe ya Kiingereza kwa Kiingereza, lakini iliyotungwa kwa wanaojifunza. Kamusi ya namna hiyo inayojulikana sana ilianzishwa na A. S. Hornby na wenzake, Waingereza waliokuwa wakifundisha Japani, nayo ilichapwa Tokyo mwaka 1942. Walimu hao waliona kuwa mwanafunzi mgeni hahitaji maana tu, anahitaji kuonyeshwa neno linavyokaa ndani ya sentensi. Kwa mfano, itakuonyesha kuwa "discuss" haifuatwi na "about".

Vile vitabu vinavyoahidi Kiingereza kwa siku 30, viache dukani.

Sasa daftari. Badala ya daftari la maneno, tunza daftari la makosa. Utashangaa kuona kuwa makosa yako si mengi. Ni machache yanayojirudia, na mengi yametoka kwenye Kiswahili chetu. Sisi tukisema "amekuja", aliyekuja aweza kuwa baba au mama. Mwingereza lazima achague "he" au "she". Ndiyo maana tunasoma "My mother he is sick". Na saa zetu je? Saa tatu asubuhi kwa Kiingereza ni "nine o'clock". Mtu akimwandikia mwajiri kwamba atafika "at three in the morning", ameahidi kufika saa tisa usiku! Halafu kuna l na r. Mchele ni "rice". Ukiandika "lice" umeandika chawa, na mama lishe akikosea hivyo kwenye ubao wake, mgeni hatakula pale.

Dada wa Rangi Tatu ana jambo lake jingine. Barua zetu huanza kwa salamu ndefu: mimi sijambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Ni adabu nzuri. Lakini barua ya kikazi ya Kiingereza huingia kwenye shabaha papo hapo: anwani, tarehe, "Dear Sir or Madam", kichwa cha barua, na sentensi ya kwanza itaje kazi inayoombwa. Ukianza hivyo, malizia "Yours faithfully". Ukianza kwa jina la mtu, malizia "Yours sincerely". Atafute barua moja nzuri ya mfano, aisome, aifunge, aiandike yake.

Akipatikana mtu wa kukusahihishia, hata kijana wako aliyemaliza kidato cha nne, mwombe asikuandikie jibu. Apige mstari tu chini ya kosa, wewe ulitafute. Akikuandikia, atakuwa amejifunza yeye.

Na simu? Siku hizi simu hutafsiri, na programu nyingine huandika barua nzima. Sikatazi. Bwana wa vipuri zitamfaa sana. Lakini ukiipa "amekuja na mtoto wake", simu italazimika kukisia kama ni "he" au "she", nayo haimjui mtu wako. Kwa hiyo andika kwanza kwa mkono wako, ndipo uiulize. Ikikupa sentensi usiyoielewa, usiitie kwenye barua ya kazi, kwa maana siku ya usaili utaulizwa wewe, na simu itakuwa imezimwa mfukoni.