Je, Wajua? Dawa ya Kichina na Mwili wa Miaka 50

Je, wajua kwamba kitabu cha tiba kilichokusanywa China miaka zaidi ya 2,000 iliyopita kilikwisha kupiga hesabu ya hedhi kukoma? Huangdi Neijing huhesabu umri wa mwanamke kwa saba saba. Akiwa na miaka 7 meno hubadilika, akiwa na 14 huvunja ungo, na akifika 49, yaani saba mara saba, hedhi husimama. Mwanamume huhesabiwa kwa nane nane: akigonga 40 nywele huanza kupukutika na meno kupoteza nguvu. Madaktari wa leo husema wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Wazee wale hawakuwa mbali.

Je, wajua kwamba figo ya tabibu wa Kichina si figo ya hospitali? Kwake yeye figo ni ghala la nguvu za uhai, nalo ndilo linalotegemewa na uzazi, mifupa, nywele na hata masikio. Ndiyo maana mtu wa makamo mwenye mvi, mgongo unaouma na safari za chooni usiku huambiwa figo zake zimedhoofu, naye akatoka pale roho mkononi. Apoe. Lakini na yule aliyeambiwa figo zake ni imara asijidanganye kwamba amepimwa. Figo za hospitali hupimwa kwa damu na mkojo, haziguswi kwa vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono.

Vidole hivyo vitatu vya kusoma mapigo, hata hivyo, si vya kubahatisha. Katika karne ya 3 tabibu Wang Shuhe aliandika kitabu kizima kuhusu mapigo ya damu, akayagawa aina 24.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya duka la dawa la Kichina tunayo jikoni? Tangawizi ni ya kichefuchefu na tumbo lililopoa. Mdalasini ni wa kupasha mwili joto. Karafuu hupewa mwenye kwikwi isiyokatika, na inasimuliwa kwamba maofisa wa dola la Han walitakiwa kuweka karafuu mdomoni kabla ya kusema na mfalme, asije akachukizwa na harufu. Wakati huo Unguja na Pemba zilikuwa hazijaona hata mkarafuu mmoja.

Na ubani? Kwa Mswahili ubani ni wa chetezo, wa kufukizia nyumba na nguo. Kwa Mchina, ubani na manemane ni jozi ya dawa za maumivu: huungwa pamoja kwa mtu aliyeanguka, aliyevimba, au mwenye viungo vinavyokaza. Utomvu huo hautoki China. Hutoka Somalia na nchi jirani za Pembe ya Afrika, na biashara yake ni kongwe. Mwaka 1974 wachimbuzi walifukua katika bandari ya Quanzhou jahazi la enzi ya Song, na ubani ulikuwamo katika shehena. Kwa hiyo plasta ya Kichina anayobandikwa mzee wa Mombasa gotini huenda imebeba utomvu uliopita karibu na mlango wake ukielekea mashariki.

Je, wajua kwamba dawa mashuhuri ya Kichina ya kukosa usingizi hutokana na ndugu wa mkunazi wetu? Huitwa suanzaoren, nayo ni mbegu ya kunazi chachu za huko. Zhang Zhongjing, tabibu wa mwishoni mwa enzi ya Han, aliiandikia mchanganyiko kwa ajili ya mtu aliyechoka lakini halali, ndwele inayowajua vizuri watu waliovuka 45. Tabibu huyohuyo alimwandikia mwanamke anayelia bila sababu na kupiga miayo mfululizo dawa ya vitu vitatu tu: ngano, kunazi tamu za Kichina na mzizi mtamu uitwao gancao. Hakuna mnyama wala madini ndani yake. Ni uji wa dawa.

Gancao hiyo tuishike, maana tutairudia kwa ubaya.

Je, wajua kwamba mmea unaosifiwa sana kwa joto la ghafla la ukomo wa hedhi ulishindwa mtihani? Ni danggui, mzizi ambao madukani huuzwa kama dawa ya wanawake. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walitoa majibu ya wanawake 71 waliofuatiliwa kwa wiki 24, nusu wakinywa danggui, nusu kidonge kitupu. Joto liliwapanda wote sawasawa. Matabibu wa Kichina walilalamika, na lalamiko lao lina haki: kwao danggui haitolewi peke yake, huchanganywa na mizizi mingine kulingana na mgonjwa. Sawa. Lakini kwenye makopo mengi yanayouzwa leo danggui ipo peke yake, na anayenunua kopo ananunua kile kilichoshindwa. Isitoshe, mzizi huu huongeza makali ya warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Anayetumia warfarin asiuguse.

Sindano za Kichina, yaani akupancha, nazo zilijaribiwa kwa joto hilohilo. Australia, mwaka 2016, walichukua wanawake 327. Kundi moja lilichomwa sindano za kweli, jingine likaguswa na sindano butu zisizopenya ngozi. Makundi yote mawili yalipata nafuu, karibu asilimia 40. Tofauti kati yao haikuonekana.

Ukadhani hapo hadithi ya sindano imekwisha. Haijaisha. Ujerumani walifanya jaribio kubwa zaidi kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini, wagonjwa 1,162, majibu yakatoka 2007. Baada ya miezi sita, waliochomwa kwa kanuni za Kichina waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6. Waliochomwa juu juu tu, nje ya vituo vya kudungia vya Kichina, asilimia 44.2. Na waliopewa matibabu ya kawaida, yaani dawa na mazoezi? Asilimia 27.4. Sindano, ziwe za kweli au za kuigiza, zilizishinda dawa na mazoezi kwa mbali. Maana yake nini? Rai yangu ni kwamba ramani ya vituo 361 mwilini haijathibitishwa, lakini kulala kitandani nusu saa, ukishughulikiwa na mtu anayekuuliza habari zako kwa utulivu, si jambo dogo kwa mgongo unaouma. Daktari anayemwona mgonjwa dakika nne ana la kujifunza hapo.

Je, wajua walivyotahiniwa wanafunzi wa sindano zamani? Mwaka 1027 tabibu Wang Weiyi alisimamia kutengenezwa kwa sanamu za shaba za mtu mzima, zenye matundu kwenye kila kituo. Sanamu ilipakwa nta kwa nje na kujazwa maji ndani. Mwanafunzi akidunga penyewe, maji yalichuruzika. Akikosea, nta ilibaki kavu na yeye alirudi darasani.

Je, wajua kwamba China yenyewe iliwahi kuikataa tiba hii? Mwaka 1822 mfalme Daoguang aliifuta sindano katika chuo cha tiba cha kifalme. Mwaka 1929 serikali ya wakati huo ilikaribia kuipiga marufuku tiba ya jadi nzima, matabibu wakaandamana. Aliyeipa nguvu upya ni Mao Zedong, na daktari wake, Li Zhisui, aliandika baadaye kwamba Mao mwenyewe alipougua hakuitaka.

Kuumika je? Wazee wa pwani waliumika kwa pembe kabla ya vikombe vya plastiki vya hijama kujaa mjini. China nako tabibu Ge Hong, katika karne ya 4, aliandika juu ya kuumika kwa pembe. Yeye ndiye aliyeandika pia kwamba mwenye homa za vipindi aloweke kiganja cha majani ya qinghao katika maji, ayakamue na kunywa. Mwaka 1971 Tu Youyou aliusoma mstari huo, akaelewa kwamba moto huharibu dawa, akaikamua kwa etha kwenye joto la chini. Ndipo ikapatikana artemisinini, uti wa dawa mseto tunayomeza kwa malaria, na yeye akapata Tuzo ya Nobel 2015. Angalia lakini: alichukua jani la kitabuni, akalipima, akatenga kilicho ndani yake. Hakuuza jani kwenye kopo.

Je, wajua kwamba taichi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, ni dawa ya goti? Mwaka 2016 watafiti wa Boston walilinganisha watu 204 wenye goti lililolika. Wengine walifanya taichi, wengine mazoezi ya hospitali chini ya mtaalamu. Baada ya wiki 12 nafuu ilikuwa sawa. Huhitaji kiatu, mashine wala ada ya ukumbi. Katika orodha hii yote, kama ni mimi ninayetoa fedha yangu, ningeanza na hili ambalo halitaki fedha.

Je, wajua kwamba mchele unaweza kushusha lehemu? Wachina huchachusha mchele kwa kuvu hadi uwe mwekundu kama damu ya mzee. Ndani yake mna monakolini K, ambayo ni kitu kilekile kiitwacho lovastatini, kidonge kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1987. Anayekimbia kidonge cha hospitali kwa kuwa ni kemikali na kukimbilia mchele mwekundu kwa kuwa ni wa asili amezunguka nyumba na kuingia kwa mlango wa nyuma. Maumivu ya misuli ya kidonge yanaweza kumfuata kwenye mchele huohuo, ila sasa hajui anakula miligramu ngapi. Baadhi ya mchele huo hukutwa na sumu ya kuvu inayoumiza figo, za hospitali safari hii.

Sasa turudi kwa gancao. Mzizi huu mtamu umo katika michanganyiko mingi mno ya Kichina, na ukinywewa kwa wingi, kwa wiki nyingi, hupandisha presha na kushusha potasiamu mwilini. Mahuang ni mbaya zaidi: mna efedrini ndani yake, husukuma moyo, na Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye mmea huo mwaka 2004. Heshouwu, inayouzwa ili mvi zirudi kuwa nyeusi, imewaumiza watu ini. Mvi hazijamwumiza mtu.

Na kisa cha Brussels wachache hukijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake waliokwenda kliniki ya kupunguza uzito walipewa vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mmea mmoja ulibadilishwa na mwingine wenye jina linalokaribiana, jamii ya Aristolochia. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Hakuna aliyekusudia kuwadhuru.

Je, wajua kwamba pembe ya faru haikuwa dawa ya nguvu za kiume? Katika vitabu vya Kichina ilitolewa kwa homa kali. China iliifuta mwaka 1993, na magamba ya kakakuona yakaondolewa katika kitabu cha taifa cha dawa mwaka 2020. Kuhusu nguvu za kiume zenyewe, mamlaka za dawa katika nchi nyingi zimekamata mara kwa mara vidonge vya "mitishamba mitupu" vilivyotiwa sildenafili kwa siri. Mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti akimeza kidonge cha namna hiyo, presha huporomoka na anaweza kufa kitandani.

Je, wajua kwamba tatizo la usingizi la mwanamke wa Shanghai laweza kumwibia maji mwanamke wa Turkana? Ejiao ni gundi inayochemshwa kutokana na ngozi ya punda. Asili yake ni Dong'e, jimbo la Shandong, na hunywewa na wanawake wa makamo ili kujenga damu, kutuliza mwili na kupata usingizi. Punda wa China wakapungua, wanunuzi wakageukia Afrika. Kenya ilifungua machinjio ya punda kuanzia 2016, na wizi wa punda ukashamiri vijijini. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8, ya 2019 ikakuta milioni 1.2 hivi. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo 2020, mahakama ikaitengua amri mwaka uliofuata, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kusitisha biashara ya ngozi ya punda kwa miaka 15. Wakati wote huo mama aliyeibiwa punda aliteka maji na kuyabeba mwenyewe mgongoni, akiwa na miaka 50 na magoti ya miaka 50. Hakuna ejiao iliyorudi kumtibu.

Je, wajua kwamba madaktari wa Kichina wako Zanzibar tangu 1964? Timu hizo hutoka jimbo la Jiangsu, na kazi yao kubwa ni upasuaji na tiba ya kawaida ya hospitali, sindano zikiwa kando yake. China yenyewe hufanya hivyo: hospitali kubwa zina idara zote mbili.

Tanzania inayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake husajili watoa huduma na dawa. Namba ya usajili ni haki yako kuiuliza, kabla ya kutoa fedha. Ukienda kliniki ya presha au kisukari, beba kopo au picha ya kopo, hata kama ni chai tu. Ukiwa na miadi ya upasuaji, mwambie daktari mapema, kwa sababu mitishamba mingi huachwa wiki mbili kabla.

Na kwa dada zangu: hedhi ikiwa imekoma mwaka mzima, kisha damu ikaonekana tena, hata tone, usitafute mzizi, sindano wala chai. Nenda hospitali wiki hiyohiyo ukapimwe mji wa mimba na shingo yake.