Mchango Usiishie Mulago

Sisi watu wa Kasese, Uganda, tulio ughaibuni tunaujua vizuri ujumbe huu: kijana wa Rukoki, au mama wa Bwera, valvu ya moyo imeharibika, anahitaji operesheni, tuchange. Tunachanga. Picha ikifika, mgonjwa amekaa kitandani na bandeji kifuani, tunamshukuru Mungu na kuendelea na shughuli zetu. Makala hii inahusu miezi inayofuata picha hiyo.

Kwetu ugonjwa huu mara nyingi huanza utotoni, pale mafindofindo yasiyotibiwa yanapoleta homa ya baridi yabisi, nayo homa ikirudiarudia inaharibu valvu. Sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4 huzuia homa isirudi. Utafiti uliofanywa Uganda kwa watoto 818 wenye ugonjwa huu katika hatua ya mwanzo ulionyesha hivyo waziwazi: katika miaka 2, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano, na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Aliyechelewa ndiye anayefikishwa Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago, jijini Kampala.

Katika operesheni nyingi za valvu, moyo husimamishwa na mashine ikashika kazi ya moyo na mapafu. Vipovu vya hewa na chembe ndogo za damu iliyoganda huweza kupanda hadi kwenye ubongo. Mwili mzima unapata uvimbe wa ndani, shinikizo la damu linashuka, na siku za chumba cha wagonjwa mahututi hazina usingizi. Mgonjwa anarudi nyumbani kidonda kikipona, lakini anauliza swali lilelile mara 3. Anapoteza hesabu ya chenji. Watu 2 wakiongea kwa pamoja, anaacha kufuatilia.

Utafiti wa Marekani uliotolewa 2001, wa wagonjwa 261 waliopandikizwa mishipa ya moyo, ulikuta asilimia 53 uwezo wao wa akili umepungua siku ya kuruhusiwa, na asilimia 24 baada ya miezi 6. Hao walikuwa watu wazima wa makamo na wazee. Vijana wetu wa valvu huenda wana nafasi nzuri zaidi ya kupona. Ila lazima familia ijue hali hii ipo. Mgonjwa asiyejua hudhani amerogwa au anapata wazimu, na ndugu humwita mvivu. Maneno hayo yanaumiza mtu ambaye tayari ana hofu.

Kwa aliyewekewa valvu bandia ya kimakanika, usahaulifu ni hatari ya maisha. Anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku hadi mwisho wa uhai wake, na damu inapimwa mara kwa mara kwa INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda. Akisahau dozi, damu inaweza kuganda kwenye valvu. Akimeza mara 2, anaweza kuvuja damu. Hata sombe (majani ya muhogo) na dodo (mchicha) zinahusika, kwa kuwa zina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Hakatazwi kula obundu, ugali wetu wa muhogo, kwa sombe. Ale kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, na dawa za mitishamba asiguse bila kumuuliza daktari.

Usahaulifu huu unaweza kupunguzwa kwa mazoezi ya akili. Ujerumani, madaktari waliwapa wazee waliofanyiwa operesheni ya valvu mazoezi ya akili kwa karatasi na penseli, dakika 36 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 3. Waliofanya walibaki na matatizo machache kuliko wasiofanya. Karatasi na penseli! Rukoki haihitaji kusubiri kompyuta.

Chukua ukurasa wa gazeti la zamani. Mgonjwa akate kwa penseli kila herufi "a" katika aya 1, ndugu ahesabu zilizorukwa. Kesho yake, aya nyingine. Jioni asikilize taarifa ya habari redioni, kisha asimulie habari 3 kwa mpangilio. Mtajie vitu 5 vya kununua sokoni Mpondwe. Baada ya kunywa chai avitaje, halafu ajumlishe bei. Mchezo wa mweso (bao) nao unafaa, maana unalazimisha kuhesabu na kupanga mbele. Aanze na muda mfupi, apumzike akichoka, na asichekwe akikosea. Dawa ziwekwe kwenye kisanduku chenye vyumba vya siku, na mtu 1 wa nyumbani atie alama kwenye kalenda kila jioni.

Kama mdomo umepinda ghafla, mkono umelegea au maneno hayatoki, hilo si suala la mazoezi. Hicho ni kiharusi; apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Na mgonjwa asiyelala, asiyetaka kula, anayelia ovyo, apelekwe kuonana na mhudumu wa afya, kwani huzuni nayo hufifisha kumbukumbu.

Kutoka Kasese hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 300, na nauli ya kliniki hukatisha wengi tamaa. Kwa hiyo naomba hivi: tunapopanga mchango wa operesheni, tuingize tangu mwanzo nauli ya kliniki, gharama ya INR na bei ya dawa za mwaka mzima. Na wewe uliye London au Toronto, mpigie mgonjwa simu kila Jumapili. Muulize amekula nini jana, nani alimtembelea, walizungumza nini. Mpe nafasi ajibu bila kumkatiza. Usikimbilie kumtajia jibu.